Nimehamia nyumba yetu wenyewe, mbona najiona mgeni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya wa muda mrefu, na nakiri nimewahi kuwacheka watu wanaokuandikia mambo ya ndani ya nyumba zao. Leo ni zamu yangu. Jambo lenyewe linanitia haya, kwa sababu nikimsimulia mtu ataona nimeshiba mpaka nachezea chakula.

Nina mume na watoto wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Tulipanga kwa miaka mingi: vyumba viwili vya kubanana, choo cha kuchangia na majirani, paa linalovuja upande wa kitanda cha watoto. Muda wote huo mume wangu alikuwa anajenga kidogo kidogo. Mvua ikinyesha ananiambia, "Vumilia, kwetu hakutavuja." Na kweli hakuvuji. Tumehamia miezi minane iliyopita. Nyumba ni kubwa, vyumba vinne, sebule pana yenye dari ya juu, vigae vyeupe vinang'aa kila mahali, jiko lina makabati mpaka juu. Kila anayeingia anatupongeza mpaka naona aibu.

Shida yangu ni kwamba sioni kama niko kwangu. Nikitoka kazini naingia kwa mlango wa nyuma, navua viatu, nakaa kwenye kistuli kilichopo jikoni karibu na huo mlango, na hapo ndipo ninaposhinda mpaka muda wa kulala. Sebuleni napita tu.

Ramani alichora yeye na fundi. Rangi, vigae, makochi, mapazia, vyote alichagua mwenyewe akisema anataka kunishangaza siku ya kuhamia. Nilishangaa kweli na nikamshukuru mbele ya watu. Makochi yamepangwa kufuata kuta zote nne, na mpaka leo hatujayavua nailoni yaliyokuja nayo. Kuta ni nyeupe, kwa hiyo watoto hawaruhusiwi kuziegemea. Jioni mume wangu hupita na kitambaa chenye maji akifuta alama za vidole kwenye milango na swichi. Vitu vyetu vya zamani viko stoo kwa kuwa havifanani na nyumba: meza tuliyokuwa tunalia chakula, redio ya marehemu baba yangu, rafu ndogo ya vitabu vya watoto.

Kule tulikopanga tulikuwa tunagombana, sikufichi, lakini tulikuwa tunacheka pia. Siku hizi hatugombani wala hatucheki. Binti anajifungia chumbani na simu. Mdogo wake anauliza ruhusa hata ya kukaa. Baba yao akirudi anakula akiwa amesimama jikoni, kisha anaingia chumbani. Tukijaribu kuzungumza sebuleni sauti zinarudi kutoka ukutani mpaka tunashusha wenyewe. Kila mwisho wa wiki binti anaomba kwenda kwa rafiki yake. Nilimuuliza kuna nini huko, akanijibu, "Kule mtu anaweza kulala kwenye zulia, Mama."

Nilimgusia mume wangu. Akanyamaza, kisha akasema labda nyumba bado haijakamilika, tununue picha kubwa za ukutani, runinga kubwa zaidi na taa za kuning'inia. Rafiki yangu mmoja anasema nisubiri, nyumba mpya huzoeleka. Mwingine anasema sina shukrani. Dada yangu anataka nimlipe mtaalamu wa mapambo aje aipange upya.

Je, Shangazi, mimi ni mtu wa kutoridhika? Tununue hivyo vitu? Na nitamwambiaje mwanamume aliyejinyima mpaka viatu kwa ajili ya nyumba hii kwamba napata shida kukaa ndani yake?

Mgeni Mwenye Funguo


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Suala la shukrani nalimaliza haraka. Mtu anaweza kushukuru kwa dhati kwa paa lisilovuja na bado akakosa pa kukaa chini ya paa hilo. Huyo rafiki anayekuita huna shukrani, mkaribishe aje akae kwenye kochi lenye nailoni saa mbili mfululizo siku ya joto, ndipo muendelee na mazungumzo.

Yule anayesema usubiri ana nusu ya ukweli. Mwili huchukua muda kuamini mahali papya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala maabara kwa mara ya kwanza, wakakuta upande wa kushoto unalala kwa wepesi kuliko wa kulia na unashtuka haraka kwa sauti ngeni, kana kwamba umeachwa zamu ya ulinzi. Waliporudi kulala pale pale baadaye, tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo ndiyo, ugeni wa mwili upo na huisha. Lakini huisha upesi. Wa kwako una miezi minane, na kusubiri hakutausaidia kwa sababu kila jioni unalishwa upya.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta mtu anayeishi kwenye hiyo sebule, sikumpata. Wewe uko kwenye kistuli. Binti yuko chumbani. Mvulana amesimama anasubiri kuambiwa kaa. Na baba mwenye nyumba, jambo uliloliandika kwa kupita kana kwamba ni dogo, anakula amesimama! Huyu ndiye aliyechagua kila kigae, na yeye pia hakai. Sasa makochi yamevaa nailoni kwa ajili ya nani? Kuta zinafutwa kwa ajili ya nani? Meza yenu imefungiwa stoo isimwudhi nani? Kuna mkaaji mmoja tu anayehudumiwa humo ndani, naye hajafika: ni mgeni. Ninyi wanne mmekuwa watumishi wake.

Mtu hujua yuko kwake anapofanya jambo bila kuomba ruhusa, jambo hilo likaacha alama, na alama ile ikavumiliwa. Anapovuta kiti akakiacha alipokivuta. Anapoacha kitabu wazi kwenye meza akikikuta kesho kiko vile vile. Kwenu hakuna alama inayofika asubuhi. Kitambaa kinapita.

Ndiyo maana nakukataza picha kubwa na runinga, kwa sasa. Si kwamba ni vibaya. Ni kwamba kila kitu kipya mtakacholeta leo kitakuwa kitu kingine cha kulinda. Mtaalamu wa mapambo naye asije kwanza. Atachagua vizuri, sina shaka, nawe utakuwa umeshangazwa kwa mara ya pili.

Tuanze na makochi, maana hapo ndipo pana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kuyapanga kufuata kuta nne ni mtindo wa chumba cha kusubiria. Unafaa watu wengi wasiojuana wanaokaa muda mfupi. Katika miaka ya 1950 daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond, aliyekuwa akiongoza hospitali huko Saskatchewan, Kanada, aliona kwamba kuna vyumba vinavyowasukuma watu mbali mbali na vingine vinavyowakusanya, hata kama watu ni wale wale. Mwanasaikolojia Robert Sommer alifanya kazi naye. Katika wodi moja ya wanawake wazee, iliyokuwa imetoka kupakwa rangi na kuwekewa samani mpya, viti vilipangwa kwa mistari kandokando ya kuta. Kina mama walikaa bega kwa bega siku nzima wakitazama mbele, hawasemezani. Sommer na mwenzake wakavitoa viti ukutani, wakavizungushia meza ndogo ndogo. Baada ya wiki chache mazungumzo yaliongezeka karibu mara mbili. Wazee ni wale wale na rangi ya ukuta ni ile ile. Wodi ilikuwa imeshapendezeshwa, na kupendeza kule hakukuwafungua midomo. Kilichowafungua ni kuonana uso kwa uso.

Chukua futi ya kupimia, upime kutoka kochi la huku hadi la kule. Mwanaanthropolojia Edward Hall, katika kazi yake ya mwaka 1966 iliyotokana zaidi na kuwachunguza Wamarekani, aliandika kwamba watu walio karibu kimapenzi au kidugu huzungumza wakiwa ndani ya kama mita 1.2, watu wa shughuli za kawaida kati ya hapo na mita 3.6, na zaidi ya hapo ndipo panapoanza umbali wa kuhutubia. Vipimo hivyo hubadilika kutoka jamii hadi jamii, usivishike kama sheria. Lakini katika sebule pana kama yenu, nina hakika wewe na mumeo mnapokaa makochi ya kutazamana mko kwenye umbali wa mkutano wa hadhara. Hapo mtu hawezi kusema "leo kazini nimeonewa." Atasema "chakula kiko tayari?" kisha atanyamaza.

Vuta makochi mawili yaje katikati, yakaribiane kiasi cha mtu kumpitishia mwenzake kikombe bila kunyanyuka. Yatakayobaki pembeni yaache pembeni, hayo ndiyo ya wageni. Chumba kitaonekana kama hakijapangwa sawasawa. Vumilia macho yako yazoee.

Katikati ya makochi hayo weka ile meza ya stoo. Kama ni ndefu mno, itafutie kona yenye mwanga, iwe meza ya watoto kufanyia kazi za shule na ninyi kula. Hoja ya kwamba haifanani na nyumba nimeisikia kwa watu wengi, na huwa naijibu hivi: inafanana na ninyi. Mwaka 1981 Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 315 wa familia 82 za eneo la Chicago. Swali lilikuwa rahisi: humu ndani mwenu ni vitu gani vina maana ya pekee kwako, na kwa nini? Sababu zilizotajwa zilikuwa kumbukumbu, watu waliotoa kitu hicho, watu waliokitumia pamoja. Bei na uzuri havikubeba uzito ambao muuza samani angetarajia. Na kuna jambo moja humo linalomhusu binti yako: vijana walitaja zaidi vitu vya kufanyia jambo, kama vyombo vya muziki, wakati wazee walitaja zaidi vitu vya kutazama na kukumbuka, hasa picha za watu wao. Kwa hiyo redio ya baba yako itoke stoo leo, iwe inafanya kazi au haifanyi. Na usitegemee kwamba binti atavutwa sebuleni na redio ya babu yake. Yeye anahitaji kitu cha kufanya akiwa pale.

Amekuambia mwenyewe anachotaka, tena kwa sentensi moja: kulala kwenye zulia. Ningekuwa wewe ningelishukuru hilo jibu. Mtoto wa miaka 14 anayeweza kusema kinachomkosesha raha hajafunga mlango kabisa. Zulia litawafaa kwa jambo lingine pia, nalo ni huo mwangwi unaowafanya mshushe sauti.

Vigae, kuta tupu na dari ya juu hurudisha sauti badala ya kuimeza. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno moja lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, mpaka linagongana na maneno yanayofuata, na wanafunzi hawakuambulia kitu. Akapewa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Usiku, mji umetulia, alikuwa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, anaipanga humo, anapiga sauti, anapima inachukua muda gani kufa, kisha mito inarudishwa kabla ya asubuhi. (Namwaza huyo mlinzi wa usiku aliyekuwa anamwona profesa akipita na mito kwapani.) Kadiri mito ilivyoongezeka, sauti ilikufa mapema. Elimu ya sauti za majengo imeanzia kwenye mito ile ya kukalia. Kwenu dawa ni hiyo hiyo: zulia nene, mapazia mazito, mito ya kitambaa, na ile rafu ya vitabu, maana vitabu vilivyopishana urefu huvunja sauti vizuri. Nailoni, kwa taarifa yako, haisaidii lolote katika hili. Inazuia kochi lisimeze sauti, na yenyewe inapiga kelele kila mtu anapojigeuza. Sishangai kwamba hakuna anayekaa.

Taa. Hukuniandikia kuhusu taa, ila kwa jinsi ulivyoieleza sebule nabahatisha kuna taa moja kali ya katikati, au safu ya taa nyeupe darini. Angalia boksi la balbu, kuna namba inayofuatwa na herufi K. Ikiwa 6500, huo ni mwanga mweupe wenye ubuluu, wa mchana, mzuri kwa karakana. Kwa sebule ya jioni tafuta 2700 au 3000, mwanga wa njano unaokaribia ule wa balbu za zamani za waya. Mwanga mkali wenye ubuluu usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, kwa hiyo hata chumbani badilisheni. Na badala ya taa kubwa ya kuning'inia anayoitaka mumeo, taa mbili ndogo za chini, moja karibu na makochi yaliyosogezwa, nyingine mezani. Watu hukusanyika penye mwanga na kuliacha giza la pembeni lijitegemee. Mwanga ukiwa sawa kila mahali hakuna pa kukusanyikia.

Sasa kile kistuli chako. Nimekiwaza sana, kwa sababu katika nyumba nzima ndicho mahali pekee ulipochagua mwenyewe. Kiko jikoni, penye joto na shughuli. Kiko karibu na mlango wa nyuma, unaona nje. Naamini kina ukuta au kabati nyuma yake. Mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton alitoa hoja mwaka 1975 kwamba binadamu huvutwa na mahali anapoweza kuona mbali huku yeye amejisitiri, mgongo umelindwa na macho yako wazi. Wapo wanaoibishia hoja hiyo wakisema haielezi kila kitu, na ni kweli haielezi kila kitu, lakini kwa kistuli chako inaeleza vya kutosha. Hukukimbilia jikoni kwa unyonge. Mwili wako umepiga hesabu na kupata jibu sahihi. Basi mahali hapo pasihame, paboreshwe. Toa kistuli, weka kiti chenye mgongo na mto, na cha pili kando yake. Hicho cha pili ni muhimu kuliko cha kwanza. Mumeo anakula amesimama hapo hapo jikoni kwa sababu kuna kiti kimoja na umekikalia wewe.

Ngoja niseme na upande wa pili, kabla hujaanza kuilia nyumba ya kupanga. Vyumba viwili viliwaleta pamoja kwa lazima. Taa ilikuwa moja, meza moja, na asiyetaka kusikia habari za mwenzake hakuwa na pa kwenda. Mlicheka humo, na mligombana humo humo kwa sababu ile ile, na mtoto alilala anadondokewa. Ukiikumbuka kwa kicheko peke yake utamwonea mumeo, kwa kuwa utakuwa unamlinganisha na kitu ambacho hakikuwepo. Kule ukaribu ulikuwa wa bure. Hapa lazima mtu aupange, aite, azime taa za vyumbani, aseme njooni. Binti aendelee kuwa na mlango wake wa kufunga, tena nakuomba usiuguse. Umri wake unauhitaji. Ila hakikisha nje ya mlango huo kuna mahali panapokishinda kishawishi cha simu hata jioni mbili kwa wiki.

Harufu nayo ina kazi yake. Njia ya harufu kuingia kwenye ubongo iko karibu sana na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, ndiyo maana nguo moja ya mtu aliyesafiri inaweza kumliza anayebaki. Nyumba mpya hunuka rangi, gundi na mbao zilizopakwa vanishi kwa miezi. Fungueni madirisha kila siku, ili mvuke wa rangi utoke, na mpike milango ikiwa wazi. Usiende kununua manukato ya kupuliza, hayo ni ya hotelini.

Sasa mumeo, ambaye ndiye barua yako nzima.

Kitambaa chake kinaweza kukukera, lakini nakuomba ukione kwa jicho jingine. Mtu aliyejenga kwa kujinyima miaka mingi huwa anaogopa. Anaona ufa ambao haupo. Kila alama ya kidole anaihesabu kama kitu kinachoanza kuharibika, na yeye anajua hana nguvu za kujenga tena. Hana raha zaidi yako, ana shughuli tu. Na kule kukushangaza kulitoka moyoni, ila kulikunyima kitu: hukuweka mkono. Wapo watafiti waliochapisha mwaka 2012 kwamba watu huthamini zaidi kitu walichokiunganisha wenyewe, hata kama kimepinda, kuliko kile kile kilichotoka kwa fundi, ilimradi wawe wamekimaliza. Mumeo aliimaliza hii nyumba kwa mikono yake ndani ya miaka hiyo yote. Wewe ulikabidhiwa funguo. Mapenzi yake na yako kwa nyumba hiyo hayawezi kulingana, na hakuna mwenye kosa.

Kwa hiyo usimwambie "sipendi kukaa humu." Atasikia miaka yote ya kujinyima ikitupwa jalalani. Wala usimwambie mbele ya watoto, au mbele ya huyo dada yako mwenye mtaalamu. Mkiwa wawili, jikoni, kwenye viti viwili, mwambie: "Umenijengea, nami nataka kuitengeneza kidogo kwa mkono wangu. Nipe sebule." Usiombe maoni kuhusu kila kitu. Omba chumba kimoja na muda, tuseme miezi mitatu, na umwahidi kwamba asipopenda mtarudisha makochi ukutani. Mwanamume wa aina yake anaweza kukataa malalamiko, ila ombi lenye mipaka atalisikiliza. Kisha muulize na yeye, na umwache ajibu taratibu: alipokuwa analala kule chini ya paa linalovuja akiiwaza hii nyumba, alijiona amekaa wapi? Maana kuna mahali alijiona. Hakuna anayejenga miaka yote hiyo akijiwazia amesimama na sahani.

Akitaja mahali, paandaeni hapo kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya zulia.

Nailoni ivuliwe na yeye, usiitoe wewe akiwa kazini. Akiona ni mapema, anzeni na kochi moja, lile litakalokuja katikati. Hofu yake ya madoa ina dawa nyepesi: vitambaa vya kutandika juu ya makochi vinavyofulika, ambavyo mvulana anaweza kumwagia chochote Jumamosi vikafuliwa Jumapili. Na kuhusu kuta, msigombane na ukuta. Sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa bega la binti, ipakwe rangi ya mafuta au ile ya kuosheka, yenye kolezo kidogo. Watoto waegemee wanavyotaka, na kitambaa kipite mara moja kwa mwezi badala ya kila jioni. Rangi hiyo chagueni wote wanne kwa kura, na mkono wa kupaka uwe wenu, fundi apumzike. Nakuonya tu kwamba kura ya mvulana wa miaka 9 inaweza kuangukia rangi ya chungwa, na mkishampa kura mtalazimika kuihesabu.